Kujilaumu si kutubu: dhana potofu kuhusu neema

Waumini wengi huomba msamaha, kisha wanaendelea kujiadhibu kwa kosa lilelile. Wanaona huo ndio unyenyekevu. Mara nyingi chanzo chake ni mafundisho waliyoyasikia nusunusu.

Dhana: Kadiri unavyojilaumu ndivyo toba yako ilivyo ya kweli.

Petro na Yuda, wanafunzi wa Yesu, walianguka usiku mmoja: Yuda alimsaliti Yesu, Petro akamkana mara tatu. Wote wawili waliumia sana. Yuda alijuta, akavirudisha vile vipande 30 vya fedha, tena akakiri wazi kwamba ameisaliti damu isiyo na hatia. Kwa hiyo tusiseme kwamba hakuguswa. Ila alipeleka ungamo lake kwa makuhani wakuu, nao wakamjibu kwamba hayo ayaangalie mwenyewe. Akatoka na hatia yake yote, akaenda akajinyonga (Mathayo 27:3-5). Petro naye alilia kwa uchungu, lakini baada ya Yesu kufufuka, aliposikia kwamba aliyesimama ufukweni ni Bwana, alijitupa majini amwendee. Yesu hakumsomea orodha ya makosa. Alimwuliza mara tatu kama anampenda, na kila mara akamkabidhi kondoo wa kuwachunga (Yohana 21).

Kilichowatofautisha ni mahali walipoipeleka huzuni yao. Paulo anasema huzuni ya kimungu huzaa toba na huzuni ya dunia huzaa mauti (2 Wakorintho 7:10). Anayejishitaki usiku kucha bila kumwendea Mungu anaiweka kesi yake mikononi mwa hakimu asiyeweza kusamehe, yaani yeye mwenyewe.

Dhana: Sauti kali inayokusuta ndani ni ya Roho Mtakatifu.

Si kila mara. Roho hutuonyesha dhambi zetu, lakini Biblia inamtaja pia mshitaki wa ndugu zetu, anayewashitaki mchana na usiku (Ufunuo 12:10). Sauti hizo mbili hupimwa kwa maneno yake. Ya mshitaki husema kwa ujumla: "Wewe ni mzazi mbaya, hutabadilika kamwe." Haitaji tendo wala haionyeshi njia ya kutokea. Roho hutaja jambo lenyewe: "Jana jioni ulimfokea mtoto kwa sababu ya kikombe kilichovunjika." Hapo kuna kitu cha kuungama na mtu wa kuombwa radhi.

Sauti ya lawama inapoanza, chukua karatasi. Iandike sentensi kama inavyokujia, hata kama ni tusi. Kisha kata kila neno linalohukumu nafsi yako yote: "bure", "kamwe", "siku zote". Andika upya kilichotendeka, nani alitendewa na lini. Ukikosa tendo la kuandika, huenda huna dhambi ya kuungama hapo; una uchovu, au aibu ya kutofanana na wengine. Ukilipata, liungame mara moja kwa jina lake, ukishika ahadi ya 1 Yohana 1:9, kwamba tukiziungama dhambi zetu, Mungu ni mwaminifu hata atusamehe. Wengi hukwama hapa: huungama dhambi ileile kila siku wakisubiri kwanza wajisikie wamesamehewa. Ahadi ile imesimama juu ya uaminifu wa Mungu, haikutegemezwa kwenye hisia zetu. Hisia hufika baadaye, pengine baada ya wiki kadhaa. Lawama ikirudi, usiungame upya. Shukuru kwamba umesamehewa, uendelee na kazi.

Halafu tengeneza kilichoharibika. Mwambie mtoto, "Nilikufokea, nilikosea, naomba unisamehe," uishie hapo. Ukiongeza "lakini na wewe...", umeshageuka mshitaki wake. Ukiongeza "mimi ni mzazi mbaya sana", unamtwika mtoto kazi ya kukufariji.

Dhana: Ukijionea huruma utalegea, utairudia dhambi.

Hofu hii ni ya zamani. Paulo aliijibu katika Warumi 6, akikataa kwamba tudumu katika dhambi ili neema izidi, na katika Tito 2:11-12 anasema neema ndiyo inayotufundisha kukataa ubaya. Yeye mwenyewe alikiri kwamba hastahili kuitwa mtume kwa kuwa aliliudhi kanisa. Papo hapo akaongeza kwamba kwa neema amekuwa alivyo, na amefanya kazi kuwapita wote (1 Wakorintho 15:9-10). Hakuificha historia yake, wala haikumzuia kufanya kazi. Anayelegea haraka ni yule anayejitukana: huona aibu kuomba, hujitenga na wenzake, kisha hutafuta faraja katika jambo lilelile lililomwangusha.

Dhana: Kujichukia huponywa kwa maombi peke yake.

Nabii Elia alisema yatosha, akaomba afe, akijiona si bora kuliko baba zake. Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimwacha alale, malaika akamletea mkate na maji, akalala tena, akala tena. Mazungumzo yakaja baadaye pale mlima Horebu (1 Wafalme 19). Basi kabla ya kuamini hukumu unayojipa saa nane usiku, lala na ule kwanza. Na ikiwa huzuni au kujiona huna thamani kumekushika karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, mwone daktari au mshauri nasaha pamoja na mchungaji wako. Mawazo ya kujiua yasisubiri wiki mbili: mwambie mtu aliye karibu nawe leo hii, akupeleke hospitali, wala usibaki peke yako.