Jani la springi halichomelewi: dhana potofu kuhusu vyuma vya chini ya gari

"Fundi, nimekuletea chuma cha springi kabisa, hiki hakivunjiki." Nimechoka kuisikia sentensi hii. Huja pamoja na jani la springi ya Fuso lililonunuliwa kwenye vyuma chakavu, na mteja anataka nimkatie mabano ya shako (vyuma vinavyounganisha ncha ya springi na chasisi) za Hilux anayoiinua. Nikikataa, anadhani nakwepa kazi.

Ni kweli chuma hicho ni kigumu, na tatizo linaanzia hapo. Kina kaboni ya takriban asilimia 0.5 hadi 0.65, wakati sahani ya chuma laini kwa kawaida haifiki 0.3. Kiwandani hupashwa hadi karibu nyuzi 850, huzamishwa kwenye mafuta, kisha hupashwa tena kwa joto la chini ili kipate mnyumbuko. Ukikichomelea, sehemu iliyo pembeni mwa ushono hupata joto kali, halafu chuma baridi kinachoizunguka hulinyonya joto hilo kwa sekunde chache. Unabaki ukanda unaovunjika kama chupa. Mbele yake kidogo, ambako joto lilikuwa la wastani, chuma kimelainika na kupoteza mnyumbuko. Hapo ndipo unataka kuweka mzigo na kupita matuta?

Watu hudanganywa na ushono unaoonekana safi. Vijiti vya kuchomelea vyenye unyevu huingiza hidrojeni kwenye chuma, na ufa unaweza kutokea saa nyingi baadaye, hata siku ya pili, gari likiwa limeshaondoka. Kwa hiyo jani lililovunjika haliungwi, linabadilishwa. Ukichomelea chasisi karibu na springi, zifunike kwa bati, wala usifunge ethi (waya wa kurudisha umeme wa mashine ya kuchomelea) juu ya springi, kwa sababu alama moja ya cheche inatosha kuanzisha ufa.

Mabano yatengenezwe kwa sahani ya chuma laini ya milimita 8 au 10, kwa vijiti vya 7018 (aina yenye hidrojeni kidogo) vilivyokaushwa. Matundu yatobolewe kwa drili, yasikatwe kwa gesi. Mimi kila kona huiwekea pembetatu ya kuimarisha, na mteja asiyeitaka namwomba atafute fundi mwingine.

Dhana ya pili ni kwamba rangi ya unga, yaani unga mkavu unaopulizwa kwenye chuma kisha kuokwa kwenye oveni, huongeza nguvu. Tabaka lake ni mikroni 60 hadi 80 tu, na halibebi mzigo wowote. Linazuia kutu, basi. Tena linaficha nyufa, kwa hiyo ushono ukaguliwe kwa dawa ya kuonyesha nyufa kabla ya kupakwa.

Kupaka juu ya kutu iliyopigwa brashi tu ni kupoteza unga. Piga mchanga mpaka chuma kiwe cheupe, upake siku hiyohiyo, hasa mwambao ambako hewa ya chumvi haisubiri.

"Oveni ikisoma 200, hesabu dakika 10." Hapana! Hesabu huanza chuma chenyewe kinapofika joto lililoandikwa kwenye karatasi ya unga wako, na bano nene huchelewa sana nyuma ya hewa ya oveni. Pima chuma. Rangi isiyoiva hung'aa vizuri, kisha kokoto za barabarani huibandua. Oveni ikishatumika kwa unga isipikiwe chakula tena, na usipulize unga karibu na moto wa gesi, kwa maana vumbi lake likielea hewani hulipuka.

Wapo wanaoogopa kwamba oveni italainisha springi. Nyuzi 200 ziko chini sana ya joto lililotumika kiwandani kuipa mnyumbuko. Kinachoharibika ni bushi za mpira, kwa hiyo zitoe kwanza.

Mwisho, pale yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) na nati zinapokalia, ziba kwa tepu ya kuhimili joto. Unga ukibaki chini ya nati hubonyea, mkazo unapungua na yubolti inalegea. Zikaze tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, hata kama ulizikaza kwa spana ya kupimia mkazo.