Je, Wajua kwa Nini Mtu Asiyeweza Kuzituliza Hisia Zake Hunaswa Upesi na Gemu za Mtandaoni?

Mtazame kijana wa miaka 22 saa nane za usiku, amelala chali kitandani, simu imechomekwa kwenye chaja kwa sababu betri ilikwisha tangu saa tano, na bando la usiku linaelekea ukingoni. Mchezo umemalizika, timu yake imeshika nafasi ya pili, na kwa sekunde kumi hivi kioo kinaonyesha matokeo tu. Ni katika sekunde hizo ndipo linaporudi lile lililomkalia moyoni tangu mchana, yaani somo alilofeli kwa mara ya pili, jambo ambalo nyumbani hawajaambiwa. Kidole kinabonyeza kitufe cha kuanza upya kabla wazo hilo halijakamilika.

Wazazi wengi wakiiona hali hiyo huuliza gemu ina utamu gani. Kwa maoni yangu, swali linalofika mbali zaidi ni hili: gemu inamfanyia kazi gani? Kudhibiti hisia ni kazi ambayo kila mtu huifanya mara nyingi kwa siku bila kuifikiria. Ni kutambua kwamba una hasira, huzuni, aibu au upweke, kuivumilia hali hiyo bila kuzidiwa, na kuipunguza makali hadi uweze kuendelea na shughuli zako. Mwanasaikolojia James Gross wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alitofautisha njia mbili za kuifanya. Ya kwanza ni kulitazama upya jambo lililokuumiza hadi lipate maana nyingine. Ya pili ni kuificha hisia isionekane usoni. Katika jaribio alilolichapisha mwaka 1998, aliwaonyesha watu filamu ya kuchukiza, na ikaonekana kwamba walioambiwa waitazame kwa fikra tofauti walipungukiwa na karaha, ilhali walioambiwa wafiche hisia zao waliendelea kuchukizwa vilevile, na miili yao ikazidi kutaharuki.

Njia hiyo ya pili tunaijua vizuri sana huku kwetu, kwa maana mtoto wa kiume hulelewa kwa neno "jikaze", na akikua huambiwa ajikaze kisabuni. Akifika umri wa kuhama nyumbani, kutafuta kazi na kuvunjwa moyo katika mapenzi, anakuwa hodari wa kuficha, lakini hakuna aliyemfundisha namna ya kutulia. Aidha, sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo husaidia kuzuia pupa na kupima matokeo, huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini, kwa hiyo mizigo ya utu uzima humfikia kabla breki hazijakamilika.

Hapo ndipo gemu inapoingia. Mchezo wa kasi huishika akili nzima, macho, masikio na vidole kwa pamoja, hata isibaki nafasi ya kuikumbuka aibu ya mchana. Ubongo hujifunza kutokana na ahueni hiyo kama unavyojifunza kutokana na zawadi, na mara nyingine ahueni hufunza kwa nguvu zaidi, kwa sababu huja papo hapo na haikosi kuja. Zawadi nazo zipo: watafiti jijini London walionyesha mwaka 1998 kwamba mtu anapocheza gemu, ubongo wake hutoa dopamini, kemikali inayohusika na hamu na kujifunza, na ushindi usiotabirika humfanya mtu azidi kuufukuzia. Gemu ya mtandaoni huongeza jambo jingine. Haina mwisho, na wenzako wanakungoja. Baada ya miezi kadhaa, kila hisia ngumu huita simu, na kadiri simu inavyojibu ndivyo ule uwezo mwingine wa kujituliza unavyokosa mazoezi.

Shirika la Afya Duniani liliuingiza ugonjwa wa uraibu wa gemu katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022. Kipimo chake hakitaji idadi ya saa. Kinaangalia kama mtu ameshindwa kujizuia, ameipa gemu kipaumbele kuliko shughuli nyingine, na anaendelea ingawa anaona madhara, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Chama cha Wataalamu wa Magonjwa ya Akili cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013, kiliorodhesha dalili tisa, mojawapo ikiwa ni kucheza ili kuikimbia au kuipunguza hali mbaya ya moyo. Ieleweke, hata hivyo, kwamba kucheza gemu ili kupumzika baada ya siku ngumu hakumfanyi mtu kuwa mraibu. Vilevile uhusiano huu huenda pande mbili, kwa sababu usingizi uliokatwa na masomo yaliyoachwa huzaa huzuni mpya, nayo huzuni humrudisha mtu kwenye gemu.

Korea Kusini ilianza mwaka 2011 kuwazuia watoto walio chini ya miaka 16 kucheza mtandaoni kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Sheria hiyo imeshafutwa. Yule wa miaka 22 isingemgusa hata kidogo, na kumnyang'anya simu kunamwacha na aibu ileile, bila chombo cha kuituliza. Ndiyo maana katika tiba inayoshughulikia fikra na tabia, mtaalamu humpa mgonjwa daftari na kumtaka aandike, kila anapotaka kufungua gemu, saa ngapi, yuko wapi, na amejisikiaje dakika moja kabla. Kurasa za mwanzo kwa kawaida huwa na neno moja tu, "nimeboreka". Inaweza kuchukua wiki kadhaa kabla ya kuandikwa neno kama "nimeona aibu", na matibabu huanzia kwenye ukurasa huo.