Maveterani wakirudi Mkwakwani: hesabu ya mlangoni na kano ya kisigino

Tuanze na hesabu ya mfano, maana ndiyo inayoua mechi nyingi za hisani za maveterani, wachezaji wetu wa zamani, kabla filimbi haijapulizwa. Watu 1,500 wameingia uwanja wa Mkwakwani, hapa Tanga, kwa kiingilio cha shilingi 2,000. Mlangoni zimepatikana 3,000,000. Sasa toa. Jezi na bukta za watu 40 kwa 20,000 kila mmoja, 800,000 zimekwenda. Maveterani kumi kutoka Dar es Salaam, kwa nauli, malazi na chakula, 100,000 kila mmoja: milioni nzima. Gari la matangazo siku tatu, Ngamiani, Makorora na Chumbageni, 300,000. Uwanja, waamuzi, ulinzi na gari la wagonjwa, 600,000. Maji, barafu na wali wa jioni, 250,000. Imebaki 50,000. Hiyo ndiyo inatiwa kwenye bahasha na kupelekwa hospitali ya Bombo, na wapiga picha ni wengi kuliko noti zilizomo.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kiingilio kisiguse gharama hata kidogo. Gharama zilipwe na wadhamini, tena kwa vitu kuliko kwa fedha. Mwenye basi atoe viti kumi, mwenye nyumba ya wageni atoe vyumba vitano, mwenye duka la michezo atoe jezi na jina lake likae kifuani. Ahadi ziandikwe na zisainiwe kabla tiketi hazijachapwa. Zikibaki wiki mbili kabla ya mechi na nusu ya gharama haina mwenyewe, ahirisha. Kuahirisha kunaumiza, lakini deni la jezi linaumiza zaidi.

Tiketi ziwe na namba mfululizo, rangi moja kwa jukwaa kuu na nyingine kwa mzunguko, na kishina kibaki mlangoni. Anayeuza asiwe yeye anayechana. Filimbi ya mapumziko ikilia, watu watatu wahesabu vishina na fedha pamoja, waandike, wasaini. Upungufu mara nyingi hautokani na wizi mkubwa; unatokana na "huyu ni mwenyeji wetu, mpishe". Wenyeji wakifika 200, mmepoteza 400,000. Wageni waalikwa wapewe kadi zenye namba, na idadi yake ijulikane tangu mwanzo. Akaunti ya benki iwe na watia saini watatu, fedha zitoke kwa saini mbili.

Wachezaji wenyewe sasa. Sura ya mchezaji isiwekwe kwenye bango mpaka athibitishe kwa maandishi. Watu wa Tanga wana kumbukumbu ndefu: aliyekuja kumwona fulani akamkosa, mwakani hanunui tiketi. Na kama kuna posho, iandikwe wazi kwenye bajeti. Posho ya siri ndiyo chanzo cha ugomvi wa chumba cha kubadilishia nguo.

Kisha tukubali umri. Coastal Union, timu yetu ya Tanga, walichukua ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara mwaka 1988. Aliyekuwa na miaka 24 siku ile, leo yuko katika miaka ya sitini. Kichwani bado ana ile chenga. Goti halina habari nayo. Kwa hiyo vipindi viwe viwili vya dakika 25, mapumziko 15, kubadilishana bila kikomo, na maji baada ya dakika 12. Mechi ianze saa 10:30 jioni, jua likiwa limelegea. Unyevu wa pwani humaliza mtu kabla hajajijua. Nachagua Juni hadi Septemba, masika yakiwa yamepita.

Asubuhi ya mechi kila mchezaji apimwe presha. Aliyefika 180/110 avae jezi, asalimie watu, akae benchi. Mwenye maumivu ya kifua au kizunguzungu asibembelezwe, hata akiwa ndiye aliyejaza uwanja. Nwankwo Kanu, mshambuliaji wa Nigeria, aligunduliwa tatizo la moyo mwaka 1996, akiwa bingwa wa Olimpiki na kijana wa miaka 20. Alifanyiwa upasuaji Marekani, akarudi kucheza, na mwaka 2000 akaanzisha taasisi inayowasaidia watoto wenye maradhi ya moyo kupata matibabu. Kama moyo wa bingwa wa miaka 20 ulihitaji kupimwa, wa mgosi, mzee wetu wa Tanga, wa miaka 58 je?

Jeraha la kuogopwa ni kukatika kwa kano ya kisigino. Utaiona hivi: mtu anaanza kukimbia, unasikika mlio kama kijiti kinavunjika, anageuka nyuma kutafuta aliyempiga teke. Hakuna mtu nyuma yake. Hapo ndipo atatokea msamaria na chupa ya dawa ya kuchua. Mzuie. Mguu usikandwe wala usikanyagiwe. Ufungwe kwa banzi kidole kikielekea chini, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa iwekwe dakika 15 hadi 20, kisha hospitali. Kukanda kunaongeza uvimbe na kuchelewesha tiba.

Mchezaji akianguka mwenyewe bila kuguswa, hajibu na hapumui sawasawa, ni moyo mpaka ithibitike vingine. Kifua kibonyezwe katikati, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kungoja machela. Gari la wagonjwa lisiondoke mpaka mchezaji wa mwisho ametoka bafuni.

Dakika 50 za uwanjani, kwangu, ni chambo tu. Jina la veterani lina kazi kubwa zaidi kwenye meza ya kuchangia damu salama nje ya geti. Mkae naye pale kuanzia saa 3 asubuhi, apige picha na kila anayetoa. Mtoaji awe na miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50. Mwanamume hutoa kila miezi mitatu, mwanamke kila minne. Mfuko mmoja ni kama mililita 450, na hauhitaji mdhamini wa jezi. Ila wanaocheza jioni wasitoe siku hiyo. Watoe wiki nyingine, na picha ipigwe vilevile.

Kuhusu manunuzi ya vitu vya hospitali kwa fedha za kiingilio, ombeni orodha kwa uongozi wake kabla ya kwenda dukani. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga msipeleke, wodi ya wazazi inasisitiza ya mama. Mashine isiyo na fundi wala vipuri hapa Tanga itageuka meza ya kuwekea mafaili. Mashuka, magodoro yenye kifuniko cha plastiki na glavu havina mbwembwe, lakini vinatumika kesho yake. Risiti zibandikwe kwenye ubao wa uwanja ndani ya siku 14, pamoja na idadi ya vishina.