Sayari ya mawe ina hewa au haina, wanajuaje?

Juzi usiku tumekaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba huku Kirumba, taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga kule ziwani, mdogo wangu akauliza hiyo angahewa wanayoitafuta kwenye sayari za mbali ni kitu gani. Nikamwambia ni hewa yote inayoizunguka sayari, basi. Akasema sawa, ila wanaionaje wakati sayari yenyewe haionekani?

Sasa chukua zile taa. Mdudu akipita mbele ya taa moja kule humwoni, ila mwanga unapungua kiduchu. Sayari nayo ikipita mbele ya nyota yake ni hivyo hivyo, na kama ina hewa basi gesi zinanyonya baadhi ya rangi za mwanga, mfano kabonidayoksaidi inakula sehemu za infraredi ambazo macho yetu hayazioni. Shida ni kwamba nyota ndogo nyekundu zina madoa, na madoa yanadanganya, maana nayo yanabadilisha rangi za mwanga kama vile ni hewa ya sayari.

Njia ninayoikubali zaidi ni ya kusubiri sayari ijifiche nyuma ya nyota. Kabla haijajificha darubini inapokea joto la vyote viwili, ikishajificha linabaki la nyota tu, unatoa, unapata joto la sayari. Joto la nini sasa? Sayari zilizo karibu sana na nyota yake kwa kawaida zinaigeuzia uso uleule siku zote. Kanyaga peku jiwe letu saa saba mchana, utaruka, halafu zunguka upande wa kivulini wanapolala mbuzi, baridi kabisa, maana jiwe halihamishi joto kirahisi. Hewa nzito ingelibeba kulipeleka upande wa giza, kwa hiyo upande wa mchana ukiunguza kupita kiasi, ujue hilo ni jiwe tupu.

Mwaka 2023 darubini ya James Webb, iliyoko kama kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, ilipima hivyo TRAPPIST-1b, moja ya sayari 7 za nyota ndogo nyekundu TRAPPIST-1, iliyo umbali ambao mwanga unachukua miaka kama 40 kuuvuka. Upande wa mchana ukakutwa na nyuzi joto karibu 230, yaani jiwe tupu linavyotakiwa kuwa. Jirani yake TRAPPIST-1c ina kama 110, hewa nzito kama ya sayari ya Zuhura ikaonekana haipo, nyembamba bado inawezekana.

"Na ile yenye maji?" Mdogo wangu alimaanisha TRAPPIST-1e, ambayo iko umbali ambao maji yanaweza kukaa bila kuganda wala kuchemka, kama yapo. Matokeo ya kwanza yalitoka 2025 na hayakutoa jibu, madoa tena.