Jua Halijazama na Mtoto Hataki Kulala: Maswali na Majibu

Ukienda mbali na ikweta, kiangazi huja na jioni zisizokwisha. Mwishoni mwa Juni, jua la London huzama mnamo saa 3:20 usiku. Stockholm hupita saa 4 kidogo. Kisha hilohilo jua huchomoza kabla ya saa 11 alfajiri. Mtoto wa miaka mitatu aliyekuwa akilala saa 1:30 usiku bila mzozo wakati wa baridi, sasa anasimama dirishani na kuuliza: "Mbona bado mchana?" Ana haki ya kuuliza.

Ni ukaidi tu, au kweli mwanga unamzuia asilale?

Mara nyingi si ukaidi. Ubongo una saa yake, na kinachoirekebisha saa hiyo kuliko kitu kingine chochote ni mwanga unaoingia machoni. Giza likianza, tezi ndogo ya pineali humwaga melatonini, homoni inayoujulisha mwili kwamba usiku umeingia. Mwanga ukiendelea, homoni hiyo nayo huchelewa.

Watoto wadogo huathirika kuliko sisi, kwa kuwa mboni zao hufunguka zaidi na lenzi zao ni angavu. Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder waliwaweka watoto wa miaka 3 hadi 5 kwenye mwanga mkali kwa saa moja kabla ya kulala. Melatonini yao ilishuka kwa takriban asilimia 88, na dakika 50 baada ya mwanga kuondolewa, wengi wao walikuwa bado hawajarudia hali ya kawaida. Walikuwa watoto 10 tu, kwa hiyo tusiifanye namba hiyo kuwa msahafu. Ila inaeleza kwa nini kufunga pazia dakika ileile unayomlaza mtoto hakusaidii sana: umeshachelewa.

Basi nianze saa ngapi?

Saa moja kabla ya kulala, au zaidi kidogo. Mrudishe ndani, fungeni mapazia ya sebuleni pia, si ya chumbani peke yake, zimeni televisheni na simu, kisha muoge na kusoma kitabu kwenye taa hafifu. Mpangilio uwe uleule kila siku, maana mtoto hasomi saa ya ukutani. Anasoma kinachofuata baada ya kuoga.

Chumbani weka mapazia mazito yasiyopitisha mwanga. Huna? Kitambaa cheusi kilichobanwa vizuri pembeni kinatosha. Tahadhari moja nisiyotaka uipite haraka: kamba za mapazia na za vifunika dirisha zimewahi kuwanyonga watoto. Zifunge juu asikozifikia, na kitanda kikae mbali na dirisha. Halafu kuna joto. Kwa watoto wachanga, ushauri wa Uingereza ni chumba chenye nyuzijoto 16 hadi 20. Funga mapazia mchana jua linapopiga, fungua dirisha hewa ya nje inapopoa, na mvalishe nguo nyepesi.

Wangu ameshazoea kulala saa 3:30 usiku na kuamka saa 2:30 asubuhi. Namrudishaje?

Anza na asubuhi. Wazazi wengi huanza kwa kuvutana usiku, nao hushindwa, kwa sababu huwezi kumlazimisha mtu usingizi; kumwamsha unaweza.

Mwamshe dakika 15 mapema kuliko kawaida yake, fungua mapazia, na kama inawezekana ale kifungua kinywa penye mwanga au atoke nje. Mwanga wa asubuhi huivuta saa ya mwili ije mapema. Wa jioni huisukuma mbele. Usiku huo mlaze karibu na wakati anaosinzia kweli, kisha urudishe nyuma kwa dakika 15 zilezile. Akishazoea, baada ya siku mbili au tatu, ongeza hatua nyingine. Kurudisha saa nzima kunaweza kuchukua wiki moja na nusu hivi. Ukimlaza saa 1:30 ghafla, atagaagaa kitandani kwa muda wa saa mbili, na kitanda kitageuka uwanja wa vita.

Njiani, hesabu usingizi wa saa 24 zote. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linataja saa 11 hadi 14 kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 2, na saa 10 hadi 13 kwa wa miaka 3 hadi 4, usingizi wa mchana ukiwamo.

Nimfutie usingizi wa mchana ili achoke?

Hapana, kama bado anauhitaji. Mtoto aliyechoka kupita kiasi huchachawa, hukimbia huku na huko, hulia kwa jambo dogo, na usiku huamka ovyo. Bora usingizi huo uwe mapema na usivuke alasiri.

Anaamka alfajiri, jua likichomoza tu. Je, nikimchelewesha kulala?

Wengi hujaribu hilo. Kwa kawaida huamka wakati uleule, ila sasa na hasira. Ziba mianya ya mwanga kwanza. Akiamka, ongea naye kwa sauti ya chini gizani. Ukimwashia katuni saa 11 alfajiri, kesho atakuja kuzidai.

Tukiwa na wageni akachelewa usiku mmoja?

Furahini. Kesho mwamshe karibu na saa yake.

Vipi kuhusu melatonini za kutafuna zinazouzwa madukani?

Usimpe bila daktari. Mwaka 2023 nchini Marekani zilipimwa bidhaa 25 za namna hiyo, na 22 kati yake hazikuwa na kiasi kilichoandikwa kwenye lebo. Na ikiwa mtoto anakoroma sana karibu kila usiku, anaonekana kukata pumzi usingizini, au anaamka mchovu ingawa amelala saa za kutosha, mpeleke hospitali; hilo halitokani na mwanga wa kiangazi.