Gia za gari la spoti la zamani hazitaki pupa

Mtu aliyezoea magari ya siku hizi akikaa kwenye gari la spoti la miaka ya 1950 au 1960, huwa anaitegemea klachi kupita kiasi. Anaikanyaga hadi chini, anasukuma gia kwa nguvu, gia inasaga, anasukuma zaidi. Klachi kazi yake ni kuitenganisha injini na giaboksi, basi. Gia inaingia kimya pale tu vipande viwili vinavyokutana ndani ya boksi vinapozunguka kwa kasi inayolingana. Kwenye gari jipya kasi hizo zinasawazishwa na sinkro. Kwenye gari la zamani, sehemu ya kazi hiyo ni ya dereva.

Sinkro ni pete ya aloi ya shaba inayojisugua kwenye koni ya gia mpaka vyote viende pamoja, ndipo meno yanaruhusiwa kuingia. Cadillac walianza kuiuza kwenye magari yao ya toleo la 1929, lakini zaidi ya miaka 30 baadaye bado magari mengi ya spoti yalikuwa hayana sinkro kwenye gia ya kwanza. MGB ilizinduliwa hivyo mwaka 1962, ikasubiri hadi mwishoni mwa 1967 kupata sinkro gia zote. Jaguar E-Type ya lita 3.8, ya mwaka 1961, nayo ilikuwa vivyo hivyo mpaka ile ya lita 4.2 ilipotoka mwaka 1964. Kwa hiyo kabla hujawasha, ujue boksi ulilonalo ni la aina gani.

Tuseme uko gia ya tatu, injini inazunguka mara 3,000 kwa dakika. Uwiano wa gia ya tatu (mara ambazo injini huzunguka kwa kila mzunguko mmoja unaotoka kwenye boksi) ni 1.4, wa gia ya pili ni 2.1. Ukishuka kwenda ya pili bila gari kubadili mwendo, shafti inayopokea nguvu ya injini lazima izunguke mara 4,500. Hizo 1,500 za ziada zitoke wapi? Ukikanyaga klachi na kuvuta gia tu, ile pete ndogo ndiyo inayobeba mzigo wote wa kuiharakisha shafti pamoja na diski ya klachi. Ikiwa imeshachakaa, haiwezi, na utausikia mlio wake.

Hapo ndipo kukanyaga klachi mara mbili kunapohitajika. Kanyaga, toa gia mpaka nyutro, achia klachi. Sasa injini na shafti vimeungana tena, na magurudumu hayahusiki. Gusa mafuta, resi (kasi ya mizunguko ya injini) zipande kidogo kupita zile unazozitaka, kanyaga klachi tena, ingiza gia wakati resi zinaanza kushuka, achia. Ukiipatia, mkono wa gia unateleza wenyewe, kama hakuna kitu kinachouzuia. Wengi wanakosea kwa kugusa mafuta huku klachi ikiwa bado imekanyagwa: injini inapiga kelele nzuri, shafti haipati chochote. Kelele hiyo inasaidia klachi ifunge bila gari kuruka, na hilo lina faida yake, ila sinkro haijapumzishwa hata kidogo.

Je, ufanye hivyo kila mara? Kama sinkro ni nzima na boksi limepata joto, sioni sababu ya kufanya hivyo kutoka ya nne kwenda ya tatu. Gia ya pili asubuhi ni jambo jingine. Oili ikiwa baridi na nzito, pete inachelewa kuikata ili ishike koni, na ya pili ndiyo inayobeba tofauti kubwa ya kasi. Hapo mimi hukanyaga mara mbili bila kujiuliza.

Kupanda gia ni kinyume chake: shafti inatakiwa ipungue kasi, na inapungua yenyewe ukiipa nafasi. Pitia nyutro, subiri pumzi moja, endelea. Gari likiwa limesimama na gia ya kwanza haina sinkro, kuna ujanja rahisi: klachi ikiwa chini, gusa kwanza gia ya pili. Sinkro yake itaisimamisha shafti, kisha ingiza ya kwanza kimya kimya. Ikisaga hata baada ya hapo, acha kulilaumu boksi, klachi haiachii vizuri. Kabla ya kushusha injini, angalia pini inayounganisha pedali na fimbo ya masta silinda, ile inayosukuma majimaji ya klachi. Mara nyingi pini imeliwa ikawa na ngazi, na tundu lake limekuwa kama yai. Mwendo wote wa pedali unaishia hapo. Pini ni kitu kidogo, klachi mpya ni kazi ya siku nzima au zaidi.

Sasa mguu wa kushoto. Magari mengi ya Uingereza ya wakati ule, MGB ikiwemo, yana beringi ya klachi (ile inayoisukuma klachi unapokanyaga pedali) ya kaboni: si beringi ya gololi, ni pete ya grafiti inayosuguliwa moja kwa moja. Kila sekunde unayokaa umekanyaga klachi kwenye foleni, pete hiyo inaliwa. Kwenye Triumph TR6 hatari ni kubwa zaidi, maana nguvu ya pedali inaisukuma krankshafti, yaani shafti kuu ya injini, mbele, dhidi ya washa (vipande bapa vya chuma) nyembamba zinazoizuia isicheze. Zikiisha zinaweza kudondoka kwenye sampu, beseni la oili chini ya injini, na krankshafti ikaanza kula bloku yenyewe. Injini ikiwa imezimwa, mwambie mtu akanyage klachi na kuiachia huku wewe unaangalia puli ya mbele. Ukiiona ikienda na kurudi waziwazi, usiliendeshe mpaka lipimwe. Kwa hiyo kwenye taa nyekundu, weka nyutro na mguu uweke sakafuni.

Porsche 911 za gia tano za mpaka 1971 zina gia ya kwanza kushoto nyuma, na ya pili na ya tatu kwenye mstari mmoja. Mkono utakudanganya siku chache, kisha utazoea.

Na oili. Oili ya gia ya daraja la GL-5 huwa na kemikali za salfa nyingi kwa ajili ya meno ya difu (gia zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu), na baadhi zake hula aloi za shaba, yaani zile pete za sinkro. Isitoshe, inateleza mno, pete hazishiki. MGB kiwandani waliiwekea giaboksi oili ya injini. Fuata kitabu cha gari lako, hata kama muuzaji anakuambia ya bei kubwa ni bora.