Je, wajua kwa nini tambi hazigeuki uji zikichemshwa?

Kanda unga wa chapati kwa maji, ukate nyuzi nyembamba, uzichemshe. Ukizisahau kidogo tu jikoni, zinalegea na kunatana, na maji yote yanakuwa meupe. Spageti za pakiti huvumilia zaidi, ingawa nazo ni ngano na maji tu. Siri ni semolina.

Semolina hutokana na ngano ya durum, ambayo punje yake ni ngumu kuliko ya ngano ya mkate. Ikiingia kinuni haigeuki vumbi upesi. Hupasuka ikawa chenga za rangi ya manjano, na pumba zikapepetwa. Kwa kuwa chenga hazikusagwa sana, wanga wake haukuharibika, hivyo hunywa maji polepole. Gluteni yake, yaani protini inayoshikanisha unga, nayo ni kaidi: haivutiki vizuri, ndiyo maana mkate wa durum hauumuki sana, lakini ndani ya tambi huushika wanga kama wavu usitoroke majini. Italia hawana mzaha na jambo hili: tangu sheria yao ya mwaka 1967, tambi kavu zinazotengenezwa huko kwa soko lao hutakiwa ziwe za durum. Na ule umanjano si mayai, ni luteini, ndugu wa rangi iliyomo kwenye karoti.

Afrika Kaskazini chenga hizo hunyunyiziwa maji, zikaviringishwa kwa viganja, kisha zikapikwa kwa mvuke: hiyo ndiyo kuskusi. Mwaka 2020 UNESCO iliitambua kuwa urithi kwa ombi la pamoja la Algeria, Mauritania, Moroko na Tunisia. Kuwakutanisha Algeria na Moroko, majirani wasioelewana, kwenye ombi moja si kazi ndogo!

Pwani yetu semolina inajulikana zaidi kwenye basbusa. Chenga hufyonza shira na bado keki ikabaki na umbo; weka unga laini peke yake uone inavyokuwa bonge. Kwa halua ya suji, yaani hiyo hiyo semolina, zikaange kwanza kwa samli hadi zinukie. Mafuta huzizunguka chenga, kwa hiyo maji yakimiminwa hazigandamani madonge.

Ila suji ya dukani mara nyingi hutokana na ngano ya kawaida. Kwa halua haina tatizo. Kwa tambi, tafuta pakiti iliyoandikwa durum.